Mafuta hadi Ncha ya Kusini: shajara ya msafara wa matrekta

Kabla ya kuondoka, McMurdo

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya trekta, glavu moja nimeivua ili kalamu ishikike. Kazi yetu ni kuchukua mafuta hapa McMurdo, ukingoni mwa Antaktika, na kuyafikisha kituo cha Amundsen-Scott kilichopo kwenye Ncha ya Kusini yenyewe, kilomita 1,600 na zaidi ndani ya barafu. Barabara ya lami hakuna, wala ya changarawe. Kuna mstari wa bendera zilizofungwa kwenye mianzi, na theluji.

Wenzangu wana jina lao la Kiingereza kwa kazi hii. Mimi naiita msafara. Watu wa pwani yetu waliujua msafara: mizigo mingi, mwendo wa polepole, kirangozi mbele, chakula na maji vikihesabiwa kila jioni. Hapa kirangozi ni gari dogo lenye rada, wapagazi ni matrekta, na mzigo ni mafuta.

Niseme mapema kwa nini nitakuwa nazitaja lita kila mara. Kituo cha Ncha hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba na kufungwa katikati ya Februari. Ndani ya miezi hiyo huja ndege. Baada ya hapo watu wapatao 40 hubaki peke yao hadi Oktoba nyingine. Jua huzama kwa miezi sita, na baridi ni ile ambayo tarehe 23 Juni 1982 ilishuka hadi nyuzi 82.8 chini ya sifuri. Taa, joto, maji ya kunywa yanayoyeyushwa kutoka kwenye barafu, darubini zinazotazama anga, vyote vinaishi kwa jenereta, na jenereta inaishi kwa mafuta yaliyofika kabla kituo hakijafungwa. Mtu hawezi kuagiza mengine mwezi wa saba.

Kwa takribani miaka 50 mafuta hayo yote yalifika kwa ndege. Njia ya matrekta ilianza kutafutwa mwaka 2002, na msimu wa 2005-2006 ndipo msafara wa kwanza wa njia hii ulipofika Ncha. Siku hizi msafara mmoja unaokoa takribani safari 30 za ndege ya mizigo. Ndege isiyobeba mafuta inabeba mtafiti, au chombo chake, au mgonjwa. Hesabu hiyo ndiyo iliyonileta hapa, mimi fundi wa mitambo niliyezaliwa Mombasa na kufanya kazi Marekani miaka mingi.

Siku ya 1

Tumetoka saa mbili asubuhi. McMurdo wanatumia saa za New Zealand, kwa hiyo Mombasa ilikuwa saa nne usiku, tena usiku wa jana. Mama atakuwa amekwisha kulala. Jua hapa halizami kabisa msimu huu, linazunguka tu juu ya vichwa vyetu kama punda wa kinu cha mafuta ya ufuta.

Mpangilio wetu: mbele PistenBully, gari jepesi la theluji, likisukuma boriti ndefu yenye rada ya kutazama chini. Nyuma yake matrekta, Challenger na Case Quadtrac. Kwa asili haya ni matrekta ya shambani, yaliyobuniwa kulima mashamba makubwa. Magurudumu yake ni mikanda ya mpira. Challenger ina mikanda miwili mirefu. Quadtrac ina minne, mmoja kila pembe, na kiuno chake kinakunja katikati. Nyumba zetu zinavutwa nyuma juu ya skii: chumba cha kulala, jiko, na chumba cha jenereta.

Kuhusu mzigo nitaeleza kwa kirefu, maana hapo ndipo akili kubwa ya msafara huu ilipo. Miaka ya mwanzo mafuta yalivutwa kwenye matangi ya chuma juu ya sleji za chuma. Chuma kina uzito wake, na uzito huo trekta huuvuta bure, kwenda na kurudi. Sasa tunatumia mifuko. Kila mfuko unachukua lita 11,000 na zaidi, na ukijaa unalala chini kama godoro nene. Godoro hilo limefungwa juu ya mkeka mpana wa plastiki nyeusi usiozidi unene wa kidole. Mkeka hauna skii wala ekseli. Unateleza wenyewe juu ya theluji, unapinda pale theluji inapopinda, na uzito wake ukilinganisha na mafuta ni kama hakuna. Karibu nguvu yote ya injini inakwenda kwenye lita. Tukirudi, mifuko mitupu inakunjwa.

Weusi wa mkeka nao una kazi. Kitu hutelezea theluji vizuri pale msuguano unapoyeyusha utando mwembamba wa maji chini yake. Baridi ikizidi, utando ule haujitengenezi, na theluji inakuwa kama mchanga mkavu wa ufukweni. Jua likiupasha joto mkeka mweusi, hata kwa nyuzi chache, mzigo unakuwa mwepesi. Leo mchana nimeliona kwa macho: wingu lilipokaa mbele ya jua, sindano ya mzigo wa injini ikapanda, na theluji ilikuwa ileile.

Siku ya 2, eneo la nyufa

Leo hakuna aliyezungumza sana. Bamba dogo la barafu la McMurdo linakutana hapa na lile kubwa la Ross, na mabamba hayo mawili hayaendi kwa kasi moja. Yanapovutana, barafu inapasuka. Juu huoni kitu. Theluji inajenga daraja juu ya ufa, daraja linaonekana kama uwanja wa mpira, na chini yake kuna shimo linaloweza kumeza trekta pamoja na dereva.

Watu waliofungua njia hii mwaka 2002 walitumia msimu mzima hapa kwa kilomita chache tu. Walipita na rada, wakapata nyufa zaidi ya 30, wakayalipua madaraja yake kwa baruti ili mashimo yawe wazi, kisha tingatinga likasukuma theluji ndani mpaka yakajaa. Barafu inaendelea kutembea, kwa hiyo kila mwaka njia inakaguliwa upya. Bendera nyekundu na kijani maana yake pita. Bendera nyeusi maana yake hatari, usisogee.

Mpima rada wetu alikaa saa nyingi akitazama kioo chenye mistari ya kijivu. Barafu nzima huchora mistari iliyolala sawasawa kama mkeka uliosukwa vizuri. Penye ufa, mistari inapinda juu kama nyusi. Alituambia kwa redio, kwa sauti ya chini: "Songa. Songa. Simama." Tukasimama dakika 40 kwa ajili ya nyusi moja. Halafu: "Songa."

Tumevuka wote. Nimekula chakula cha watu wawili.

Siku ya 5

Bamba la Ross. Ni kipande kimoja cha barafu kinachoelea juu ya bahari, ukubwa wake karibu sawa na Ufaransa, na unene wake ni mamia ya mita. Tutakuwa juu yake kwa zaidi ya nusu ya safari.

Theluji ya leo ni laini mno, wenzangu wanaiita kinamasi. Mikanda inachimba, trekta linakaa kitako, na mikeka nyuma yake inageuka nanga. Dawa ni kufungua mzigo, kulitoa trekta likiwa tupu, kukanyaga njia mara mbili tatu ili theluji ishikane, kisha kufunga matrekta mawili kwa mzigo mmoja. Tumefanya hivyo mara sita. Siku njema tunakwenda kilomita kumi kwa saa. Leo sitaandika tulikwenda ngapi.

Theluji iliyokanyagwa ina tabia ambayo fundi wa barabara angeipenda. Ukiiacha saa chache, chembe zake zinashikana zenyewe na kuwa ngumu kama saruji changa. Ndiyo maana kila msafara unaopita unamwachia mwenzake njia bora kidogo. Tunapita juu ya kazi ya watu wa miaka iliyopita, na naihisi chini ya kiti: mkanda ukitoka nje ya mstari hata mita moja, trekta linazama.

Siku ya 7

Nimepata zamu ya simu ya setilaiti. Nikampigia mjomba wangu, yeye ndiye aliyenipa spana ya kwanza, kwenye machimbo ya mawe ya Kilifi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mko hai?"

"Tuko hai. Tumepita nyufa salama."

"Alhamdulillahi. Sasa niambie, dizeli huko haigandi?"

Niliitarajia tu. Nikamweleza kwamba dizeli ya kawaida ina nta ndani yake, na nta ikipata baridi inatoka, inaziba chujio, injini inakufa na njaa tangi likiwa limejaa. Mafuta tunayobeba ni ya ndege, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yale aliyotumia bibi kwenye kandili. Hayagandi hadi baridi ipite nyuzi 50 na kitu chini ya sifuri. Matrekta yetu yanakunywa hayohayo tunayoyavuta, na ndege zinakunywa hayohayo.

"Kwa hiyo mnavuta mafuta ya taa kwa kutumia mafuta ya taa."

"Ndiyo, mjomba. Ndiyo maana wepesi wa mkeka ni kila kitu."

Akanyamaza kidogo. "Na asubuhi mnawashaje?"

Nikamwambia jioni tukisimama tunachomeka kila injini kwenye umeme wa jenereta. Kuna kifaa ndani ya maji ya injini kinachopasha joto kama birika la umeme. Betri nazo zina pedi zake za joto. Oili ni nyepesi, ya maabara, lakini hata hiyo ukiiacha usiku kucha bila joto inakuwa kama asali ya zamani, na pampu haiwezi kuivuta.

"Chuma je?"

"Chuma kinakuwa kama glasi."

"Basi usikishtue," akasema. "Mzigo uuanze taratibu. Mnyororo ukazike kwanza, ndipo uvute."

Hakuwahi kuona theluji maishani mwake, na hilo ndilo neno lilelile nililofundishwa nilipoanza kazi hii.

Siku ya 9

Weupe mtupu. Mbingu na ardhi rangi moja, hakuna kivuli, hakuna upeo. Naiona taa ya nyuma ya trekta lililo mbele yangu na basi. Kifaa cha setilaiti kinasema tuko juu ya mstari. Mwili wangu unaniambia tunapinda kushoto. Nimeamua kukiamini kifaa.

Siku ya 11

Hozi ya haidroliki imepasuka kwenye trekta ninalolihudumia. Baridi ilikuwa ya kawaida, nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, lakini hozi ilikuwa imekunjwa pembeni karibu na kiungo, na pale ilipokunjwa mpira ulichoka. Kosa ni langu, nilipita juu yake asubuhi na tochi nikaona msuguano mdogo, nikaandika "nitaangalia jioni". Kuibadilisha kulichukua dakika 30 kwa sababu hozi za akiba tumezipanga kwa namba. Kilichochukua siku ni oili iliyomwagika.

Antaktika huwezi kufukia oili kwa theluji ukaondoka. Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959, na itifaki ya mazingira iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991, vinatubana, na mimi nafurahi vinatubana. Barafu hii haina udongo wa kula uchafu, haina mvua wala bakteria wa kutosha wa kuumaliza. Ulichomwaga leo kitakaa hapo na kutembea na barafu kuelekea baharini kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo tulichimba. Sepetu, ndoo, pipa. Oili inapita kwenye theluji kama maji kwenye sifongo, kila ukidhani umefika mwisho unaona rangi ya chai chini zaidi. Tumejaza mapipa mawili ya theluji chafu, tumeyafunga, tumeyaandika. Yatakwenda nasi hadi Ncha, yatarudi nasi McMurdo, na yatatoka Antaktika kwa meli.

Kuanzia leo neno "jioni" limefutwa kwenye daftari langu la ukaguzi. Kinachoonekana asubuhi kinashughulikiwa asubuhi.

Siku ya 12

Jioni hii wakati wa chai niliwaeleza wenzangu kisa cha sleji za injini za Robert Falcon Scott, Mwingereza aliyetaka kuwa wa kwanza kufika Ncha, maana nilikisoma mara nyingi kabla ya kuja. Alileta tatu. Moja ilipasua barafu ikazama baharini ilipokuwa inashushwa kutoka melini, Januari 1911. Mbili zilizobaki zilianza safari ya kusini mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, na ndani ya siku chache injini zake zikafa. Bernard Day na William Lashly, mafundi wake, walizitengeneza kwenye upepo wazi kwa mikono mitupu mpaka ikashindikana, kisha wakavuta mizigo kwa mabega yao. Mpinzani wake, Roald Amundsen wa Norwe, alitumia mbwa akafika Ncha tarehe 14 Desemba 1911. Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, na hakurudi hai.

Watu wanawakumbuka wawili hao. Mimi nawakumbuka Day na Lashly. Wazo lao la mkanda juu ya theluji lilikuwa sahihi. Wakati wao haukuwa na chuma, oili wala upoozaji wa injini wa kulibeba. Miaka 46 baadaye, tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary wa New Zealand alifika Ncha na matrekta matatu madogo ya Ferguson, ya shambani kama haya yetu, yaliyofungwa mikanda, mafuta yakiwa karibu kwisha.

Siku ya 15 hadi 17, mto wa barafu wa Leverett

Nimeziunganisha siku hizi kwa sababu sikupata muda wa kuandika. Bamba limekwisha. Mbele kuna Milima ya Transantaktika, na Leverett ndiyo mlango wetu wa kupandia.

Mwinuko wenyewe si mkali kwa macho. Ukiwa na gari tupu usingeutambua. Ukiwa na magodoro ya mafuta nyuma, kila mita ina bei. Tuliugawa mzigo: nusu juu, kurudi, nusu nyingine. Maeneo mengine upepo umefagia theluji yote na kuacha barafu ya buluu, ngumu, inayong'aa, na hapo tatizo linageuka: mikanda haishiki, mikeka inateleza pembeni na kutaka kulipita trekta. Dereva anatakiwa aendelee na gia ileile, kasi ileile, asikanyage wala kuachia ghafla. Maneno ya mjomba yalikuwa masikioni mwangu safari nzima.

Hewa imepungua. Kituo cha Ncha kiko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa ya ncha za dunia ni nyembamba zaidi, mwili unahisi kama uko juu ya mita 3,000. Wanaokwenda kwa ndege kutoka McMurdo wanaupata mwinuko wote kwa saa tatu, na wengi wanaugua kichwa na kukosa usingizi siku za kwanza. Sisi tunapanda kwa siku. Mwili unazoea. Injini pia zinahisi, moshi umekuwa mweusi kidogo, lakini turbo inazisaidia kuvuta hewa. Nimesafisha machujio yote.

Nilisimama juu kabisa, injini zikiwa zinapoa, nikatazama nyuma. Milima ya mawe meusi pande mbili, na katikati mstari wa mikanda yetu ukishuka hadi kupotea. Sikuwa nimeona jiwe kwa wiki mbili. Nilitamani sana kuligusa moja.

Siku ya 20, uwanda wa juu

Hapa ndipo baridi inapoanza kuwa baridi. Nyuzi 30 chini ya sifuri mchana. Upepo umechonga theluji kuwa matuta magumu yanayoitwa sastrugi, mengine yanafika kiunoni, na kila moja linapita chini ya mkanda, kisha chini ya kiti, kisha chini ya jiko ambako vikombe vimefungwa kwa kamba. Boliti zinalegea zenyewe. Nakaza asubuhi, mchana na usiku.

Leo saa nane mchana Hercules, ile ndege ya mizigo, ilipita juu yetu ikielekea Ncha. Tuliisikia kabla ya kuiona. Rubani alitusalimu kwa redio, akauliza hali ya anga chini, tukampa: upepo, mawingu, umbali tunaoona. Kwake ni taarifa nzuri, kwa sababu kati ya McMurdo na Ncha hakuna mtu mwingine wa kumwuliza.

Sauti ile ilinirudisha Lokichoggio. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kule miezi kadhaa, kaskazini mwa Kenya, wakati ndege za Hercules zilipokuwa zikipaa kila asubuhi kwenda kudondosha chakula kusini mwa Sudan. Injini nne, mlango mpana wa nyuma, tumbo karibu na ardhi. Hizi za hapa ni LC-130, zimeongezwa skii kubwa zinazoshuka kando ya magurudumu. Zinarushwa na Kikosi cha Anga cha 109 cha Walinzi wa Taifa wa jimbo la New York. Aina ya ndege ni ileile. Kule ilileta mahindi na mtama, hapa inaleta kila kitu ambacho sisi hatuwezi kukivuta.

Jikoni usiku tuliongea juu ya wagonjwa. Hercules haiwezi kuja majira ya baridi kali: chini ya nyuzi 50 hivi haidroliki zake na mafuta yake vinakuwa hatarini. Aprili 2001, na tena Juni 2016, palipokuwa na wagonjwa wasioweza kusubiri, aliyekuja ni Twin Otter, kijindege cha injini mbili kilichotoka Kanada, kikashuka Amerika ya Kusini, kikapita kituo cha Uingereza cha Rothera, kisha kikakata gizani saa kama kumi hadi Ncha. Kinaweza kwa sababu ni kitu rahisi. Kina vitu vichache vya kuganda. Na ili kitue, watu waliobaki kituoni walipaswa kutoka na tingatinga kwenye giza na baridi ile kulainisha kiwanja. Hilo ndilo linalonigusa. Ndege ya kuokoa mtu haikuweza kugusa theluji mpaka kwanza fundi fulani amefanikiwa kuwasha katapila.

Siku ya 24

Tumefika.

Kituo kilionekana kwanza kama nukta, baadaye kama mstari mweusi uliokatwa hewani. Jengo lake limenyanyuliwa juu ya nguzo ili upepo upite chini na kuifagia theluji, vinginevyo lingefukiwa kama vituo vilivyotangulia. Nguzo zenyewe zinaweza kuinuliwa kwa jeki theluji ikipanda. Lilizinduliwa rasmi Januari 2008. Kando yake kuna IceCube: mashimo 86 yaliyotobolewa kwa maji ya moto hadi kina cha mita 2,450 ndani ya barafu, kila moja likiwa na kamba ya vihisio vya kunasa chembe za nyutrino kutoka mbali angani. Yale maji ya moto yalipashwa kwa mafuta. Kazi hiyo ilikamilika Desemba 2010, na unaposimama juu yake huoni kitu ila bendera.

Watu wa kituo walitoka nje kutulaki. Mpishi mmoja aliniletea kikombe cha kahawa kilichofunikwa kwa glavu yake.

Siku ya 25

Tumeunganisha mipira, pampu zinazunguka, magodoro yanashuka taratibu na kukunjana. Nasimama kwenye mita na kuandika namba kila robo saa. Hakuna kazi niliyoipenda zaidi katika safari hii. Trei za kukinga matone ziko chini ya kila kiungo. Asubuhi hii hazina kitu.

Kiwanja cha ndege kiko pale pale, theluji iliyolainishwa yenye urefu wa takribani kilomita 3.6, na nimeona kinavyotunzwa: trekta linavuta chuma kizito huku na huku, siku baada ya siku, kukata matuta kabla hayajawa magumu. Ndege ya kwanza kabisa kutua hapa, tarehe 31 Oktoba 1956, haikuwa na mtu wa kuitengenezea kiwanja. Skii zake ziliganda kwenye theluji na wakalazimika kuwasha roketi 15 zilizofungwa ubavuni ili ing'oke.

Saa tano Hercules ikatua. Injini hazikuzimwa, hapa huzimi kitu ambacho huna uhakika wa kukiwasha. Rafadha zilibaki zinazunguka na wingu la theluji likaifunika nusu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, ndege ikasogea mbele polepole, na paleti zikateleza nje moja baada ya moja hadi zikakaa kwenye mstari. Tingatinga lenye uma likazifuata. Kisha kupitia mlango wa mbele wakashuka watu, wamevaa makoti mekundu, wanatembea kwa hatua fupi za mtu aliyepungukiwa hewa. Nilihesabu 14. Mmoja alikuwa amekumbatia sanduku kifuani kama mtoto mchanga, akakataa kumpa mtu yeyote amsaidie.

Nilimwuliza mpakuaji kama ndege imeleta mafuta. Akatikisa kichwa. "Leo hakuna nafasi ya mafuta," akasema. Nikarudi kwenye mita yangu.

Siku ya 27

Magodoro yamekunjwa na kufungwa juu ya mikeka. Mapipa mawili ya theluji chafu yapo, pamoja na takataka za kituo tulizopewa tuzishushe McMurdo. Nimebadilisha oili matrekta manne, nimekaza boliti zote za mikanda, nimeongeza hozi mbili kwenye orodha ya kuagiza. Hozi mpya niliyoifunga siku ya 11 nimeipangusa na kuikagua kwa kidole, urefu wote.

Tunageuza kesho saa moja asubuhi. Kirangozi amekwisha kufuta vumbi la theluji kwenye kioo cha rada.